Wakwe Wawili Katika Hema Moja

Kosa lilikuwa la Kemunto, na hakuwa na wa kumsingizia. Mwandiko ulikuwa wake, na pale chini ya fomu palikuwa na sahihi yake, ameivutia mkia mrefu utadhani amefanya kazi ya maana. Hema namba kumi na saba: Bramwel, mkewe Sellah, watoto wao watatu, na mama yake Sellah, Mama Nanjala. Watu sita, familia moja.

Familia moja! Mtoto wa darasa la pili huku Lugari angemwambia kwamba hilo haliwezekani. Huku mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakutani. Hawapeani mkono, hawali mezani pamoja, na habari ya kulala chini ya paa moja usiitaje kabisa mbele za watu. Mkwe akimwona mama mkwe anakuja njiani, anaingia kwenye mahindi. Mama mkwe akimwona mkwe, anajifunika leso na kugeuka. Wala si chuki, ni heshima, tena heshima ya juu. Kemunto ni mtu wa Kisii, na kwao pia ukwe una adabu zake, kwa hiyo hata ule udhuru wa kusema "mimi mgeni" hakuwa nao.

Ila na yeye tumwonee huruma kidogo. Mto Nzoia ulikuwa umefura wiki nzima, na alfajiri moja ukaacha njia yake ukaingia majumbani mwa watu. Kufikia saa nne asubuhi zaidi ya watu mia mbili walikuwa kwenye uwanja wa kanisa, wamelowa chapachapa. Shirika la msaada wa sheria lililomwajiri Kemunto likampa meza, turubai na rundo la fomu, likamwambia andika. Mvua inanyesha, foleni haiishi, Sellah amebeba mtoto mmoja mgongoni na mwingine analia miguuni.

"Mko wangapi?" Kemunto aliuliza.

"Sisi watano, na mama."

Akaandika sita. Alitakiwa kuuliza swali moja zaidi: mama yako au mama ya bwana? Hakuuliza. Na Mama Nanjala hakuwepo kwenye foleni kujieleza, kwa sababu Bramwel alikuwepo kwenye foleni.

Sasa miezi minne ilikuwa imepita na kosa limeota pembe. Kamati ya makazi mapya ilikuwa imepata ardhi juu mlimani, mbali na mto, na kila familia ingepewa kiwanja kimoja cha kujenga na kupanda mboga. Lakini kwanza ofisa apite hema kwa hema kuhakiki. Wote walioandikwa pamoja wasimame pamoja mbele yake, waweke dole gumba. Asiyeonekana mara tatu anafutwa.

Mama Nanjala alikuwa ameshakosa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ndani ya mahindi ya jirani, amechuchumaa. Mara ya pili alijitahidi, maskini. Alizunguka nyuma ya hema, akapitisha mkono kwenye upenyo wa turubai, dole gumba limesimama wima, akasema kwa sauti, "Wekeni wino!"

Ofisa aliyekuwa anahakiki, Bwana Osundwa, mtu mrefu asiyevua tai hata jua likiwaka, alilitazama lile dole kwa muda. "Mimi nahakiki watu," alisema, "sihakiki vidole." Akaandika: hayupo.

Kemunto aliposikia hayo alikimbia kumfuata, fomu mkononi. Akamweleza kwamba hizo ni nyumba mbili, kwamba mama yule alikuwa na nyumba yake na shamba lake tangu mumewe afariki, na mto umemeza vyote. Osundwa alimsikiliza kwa adabu yote, halafu akafunga rejista.

"Rejista imefungwa, Wakili," alisema. Kemunto hakuwa wakili, alikuwa msaidizi wa sheria, lakini kambi nzima ilimwita Wakili na alikuwa amechoka kukana. "Kubadilisha jina ni mpaka shauri lisikizwe mbele ya kamati. Alhamisi. Lete ushahidi kwamba hao watu hawawezi kukaa hema moja. Usipoleta, mama anafutwa. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

Kemunto alienda jikoni kwa kanisa na moyo mzito. Huko ndiko Mama Nanjala alikokuwa akiishi kweli, kwenye kona nyuma ya mafiga, yeye na kuku wake mmoja mwekundu, mali pekee aliyotoka nayo majini. Alimkuta anasonga obusuma, ugali wa kwao, mwiko unazunguka kwa nguvu ambazo mtu wa miaka sitini na minane hakustahili kuwa nazo.

"Mama, nimekuharibia," Kemunto alisema. "Wakikufuta utaenda wapi?"

"Kwa kaka yangu Malava. Na uzee huu! Nirudi kwetu kama msichana aliyeshindwa na ndoa." Mama Nanjala aligonga mwiko kwenye sufuria. "Sitaki. Mimi nimezoea kuwa na mlango wangu. Nikitaka kufunga nafunga, nikitaka kufungua nafungua."

Nje, nyuma ya mlango, mtu alikohoa mara tatu. Mama Nanjala akageukia ukuta upesi na kujifunika leso. Pakasikika kishindo cha kuni zikitupwa chini, kisha hatua za mtu anayeondoka mbio. Kemunto alipochungulia aliona mgongo wa Bramwel ukipotea nyuma ya choo.

"Huyo analetanga kuni kila siku?"

"Kila siku. Tena zimekauka vizuri," Mama Nanjala alisema, akivua leso kana kwamba hakuna kilichotokea. Halafu akainamisha kichwa upande. "Wakili, huyu Osundwa wenu alioa wapi?"

"Nasikia Khwisero. Kwa nini?"

"Naulizanga tu." Akageuza obusuma kwenye sahani, ukatoka mviringo mzuri. "Na Alhamisi anayeshtakiwa anaruhusiwa kuleta shahidi?"

"Hujashtakiwa, Mama. Lakini ndiyo, shahidi anaruhusiwa."

"Basi kula, mwanangu. Mtu hafikirii na tumbo tupu."

Kemunto alikula, lakini hakupata raha. Usiku kucha alijigeuza kitandani akitunga hoja. Hakujua kwamba Mama Nanjala alikuwa ameshatoa kabambe yake, kile kisimu cha vitufe, mfukoni na kumpigia rafiki yake mmoja wa ushirika wa akina mama, aliyekuwa akikutana naye kila mwaka kwenye kongamano la kanisa. Alimwambia neno moja tu: Alhamisi nina shauri, njoo unisindikize.

Alhamisi ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka madirishani. Mama Nanjala alikaa mbele, upande wa wanawake. Bramwel alisimama nje ya dirisha la kushoto, akisikiliza kwa sikio tu, macho ameyaelekeza kwenye ng'ombe wa jirani. Mezani alikaa Bwana Osundwa na rejista yake, na kando yake Mzee Kiplagat, mwenyekiti wa kambi, mwenye kofia ya manyoya na kicheko cha karibu.

Kemunto alisimama. "Kosa ni langu," alianza. "Mimi ndiye niliyeandika nyumba mbili kama moja. Mama huyu ana miezi minne analala jikoni. Hajawahi kuingia hema namba kumi na saba hata siku moja. Ni mila inayojulikana na kila mtu hapa ndani."

"Analala jikoni kwa kupenda kwake," Osundwa alijibu. "Hema analo. Na mila ni mapenzi ya mtu, Wakili. Mwenye shida hachagui." Alifunua ukurasa taratibu, kama mtu aliyeficha karata. "Isitoshe, nimepata habari. Asubuhi ile ya mafuriko, Bramwel alimbeba mama huyu mgongoni kutoka kwake mpaka barabara kuu. Kweli, si kweli?"

Kemunto hilo hakulijua. Hakuna aliyewahi kumwambia. Nusu ya watu waliokuwa mle ndani waliona kwa macho yao, na kwa miezi minne hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu aibu ya watu wawili wazuri haitembezwi sokoni. Nje ya dirisha, Bramwel aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Mama Nanjala alisimama polepole.

"Ni kweli," alisema. "Maji yalinifika hapa." Akaonyesha kifuani. "Nilikuwa nimeshika kuku na nimeanza kusali sala ya mwisho. Akaja. Hakusema neno. Akanigeuzia mgongo, nami nikafunga macho nikapanda. Mimi nimeshika kuku, yeye amenishika mimi. Alikuwa anatembea analia, nilisikia. Siku ya kifo haina mkwe, Bwana Ofisa. Lakini mimi sikufa! Alinitoa majini nikiwa mtu mzima mwenye heshima zangu, na sasa nataka kukaa kama mtu aliyepona. Kila siku huyo mtoto anakohoa mara tatu nyuma ya mlango wangu kunirudishia heshima aliyonivua ili nisife. Wewe unataka kumwambia alikosea?"

Mwanamke mmoja nyuma alipenga kamasi kwa nguvu. Kemunto mwenyewe alikuwa anafuta macho kwa fomu, na ile fomu ilikuwa ya maana.

Osundwa alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, tusimpakazie. Alikuwa mtu aliyesoma sana kanuni. "Ni maneno mazuri, Mama. Lakini rejista haisomi moyo. Hata mimi, nyumba yangu ingechukuliwa na maji, ningekaa hema moja na mama mkwe wangu, na tungekula sahani moja. Shida ni shida."

"Mayi!" wanawake walilia.

"Hema moja?" aliuliza Mama Nanjala.

"Hema moja."

"Na sahani moja?"

"Sahani moja, Mama. Mbele ya watu."

"Wakili, iandike hiyo." Kemunto akaandika. "Basi mimi nina shahidi. Yuko huko nje anakunywa chai na akina mama. Sellah, mwite Mama Abigail wa Khwisero."

Kusikia jina hilo Osundwa aliinua uso, kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinaungua. Lakini alikuwa amechelewa. Mlangoni alikuwa ameshaingia mama mnene, mchangamfu, amevaa sare nyeupe ya ushirika na kilemba kilichosimama, kikombe cha chai mkononi, anatabasamu kulia na kushoto kusalimia watu. Alitembea hadi katikati ya ukumbi. Ndipo alipotazama mezani.

Kikombe kilianguka. "Mayi wee! Mkwe wangu!" Mama Abigail alijifunika leso kichwa kizima na kugeuka kukimbia, ila mlango ulikuwa umezibwa na watu, na kwa vile haoni, akazunguka, akagonga benchi, akazunguka tena.

Na Osundwa je? Kwanza alijificha na rejista. Rejista ikawa ndogo. Akaingia chini ya meza. Kitambaa cha meza kikawa kifupi. Akatoka upande wa pili akitambaa kwa magoti, tai inafagia sakafu, akafika dirisha la kushoto na kutoa mguu mmoja nje. Hapo chini alikuwa amesimama Bramwel. Bramwel hakuuliza kitu. Mkwe anamjua mkwe mwenzake. Alimgeuzia mgongo, akajiinamisha, na ofisa wa kamati ya makazi mapya akashukia mgongoni mwake kama mtoto anayeshushwa kwenye mti wa mapera.

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka wakashikana, wengine wakakaa chini. Mzee Kiplagat alivua kofia akajipepea, machozi yanamtoka. "Mheshimiwa!" aliita dirishani. "Rudi bwana, sahani imefika!"

"Ameondoka?" sauti iliuliza kutoka nje.

"Bado. Ameketi kwenye kiti chako."

Ni kweli, Mama Abigail alikuwa amepapasa mpaka akapata kiti cha kwanza kilicho wazi, na hicho kilikuwa cha ofisa. Alikaa hapo amefunikwa gubigubi, anahema. "Nanjala, umeniua!" alilalamika ndani ya leso. "Miaka kumi na sita namsifu huyu mtoto kwako bila kumtazama usoni. Leo umenifanya nini?"

"Hujamwona," Mama Nanjala alimtuliza. "Umeona tai."

Kemunto naye alitaka kucheka, lakini kazi ni kazi. Alichukua fomu mpya, akasogea dirishani. "Bwana Osundwa, nimwandike shahidi anasema nini?"

"Andika nyumba mbili!"

"Lakini rejista si imefungwa?"

"Ifungueni! Muhuri uko kwenye mkoba wangu, Mzee Kiplagat agonge!" Halafu, kwa sauti ya chini kabisa, "Na tafadhali mumpe mama chai nyingine. Mwambieni nitamletea blanketi la kuondoa hii aibu."

Mzee Kiplagat aligonga muhuri mpaka meza ikaruka. "Msumeno," alisema, akicheka bado. "Nyuma umekata vizuri kuliko mbele."

Bramwel aliweka dole gumba lake kule nje, karatasi imekandamizwa kwenye kizingiti cha dirisha. Mama Nanjala aliweka lake mezani. Kemunto alilipuliza likauke. Safari hii aliandika polepole: Nanjala, mwenye nyumba, mtu mmoja. Sahihi yake aliiandika fupi, bila mkia.

Viwanja viligawanywa kabla ya mvua za pili. Mama Nanjala alipata namba arobaini na moja, Bramwel arobaini na tatu, na cha katikati kilikuwa cha mtu aliyeahidi kupanda mahindi marefu. Mahindi hayo yaliporefuka, Kemunto alipanda kule juu kumpelekea mama hati yake ya kiwanja, akakuta nguzo zimeshasimamishwa, mabati yamepigiliwa, na mlango wa mbao umetiwa komeo. Mama Nanjala alikuwa anaizunguka nyumba, mikono kiunoni.

"Nguzo hii ya mlango imepinda!" alisema kwa sauti, akiutazama mlima.

Ndani ya mahindi mtu alikohoa.

"Atainyosha kesho nikienda sokoni," Mama Nanjala alimwambia Kemunto. "Analala nyumba yake, nalala yangu, tunaelewana vizuri sana." Aliipokea hati kwa mikono miwili. Halafu akaingia ndani, akafunga mlango. Akafungua. Akafunga tena. Akafungua, na uso ulikuwa umelowa na unacheka.

"Sasa naomba kazi moja ya mwisho," alisema. "Wewe si mkwe wa mtu hapa. Nipelekee hii."

Alimpa sufuria iliyofunikwa kwa jani la ndizi, ya moto bado. Kemunto alitazama huku na huku uani, akatafuta kwa macho kile kitu chekundu kilichozoea kuchakura miguuni mwa mama. Hakukiona.

"Mama, kuku wako?"

"Peleka kabla haijapoa."

Bramwel alikuwa ameketi kwenye gogo mbele ya nyumba yake, nyundo bado mkononi, Sellah anafua. Kemunto aliweka sufuria mbele yake, akafunua. Ingokho, kuku mzima, hajapungua hata bawa, na juu kabisa firigisi, ile ambayo kwa Waluhya haiendi kwa mtu mwingine ila mwanamume mwenye heshima nyumbani. Bramwel aliitazama. Alimjua kuku yule. Ndiye aliyempiga mbawa sikioni asubuhi ile ya maji, njia nzima mpaka barabara kuu.

Hakula mara moja. Aliweka nyundo chini, akajifuta uso kwa mkono wa shati, kisha akaenda mpaka mwisho wa kiwanja chake, mahindi yanapoanzia, na kukohoa mara tatu.

Kemunto alisimama na kusikiliza. Sellah naye aliacha kufua. Ng'ambo ya mahindi, taratibu, mama mmoja alikohoa mara tatu, kisha wakasikia mlango wake ukifungwa.